Baba anameza diklofenaki kila siku kwa ajili ya magoti. Figo zake ziko salama?

"Asalaam aleykum daktari. Baba yangu ana miaka 67, ni fundi wa majahazi kule Matondoni, Lamu. Magoti yanamsumbua tangu ile homa ya 2004, na miaka hii miwili yamezidi. Dukani humpa diklofenaki ya miligramu 50, anameza asubuhi na usiku, na siku ya kazi nzito anaongeza Brufen. Ramadhani alikuwa akimeza viwili pamoja wakati wa daku ili vimshike mchana. Ana presha, anatumia losartani na kidonge cha kukojosha. Kliniki wanasema presha haishuki, wamemwongezea dozi. Sasa miguu inavimba jioni na ana kiungulia. Jirani amemshauri achomwe sindano ya diklo badala ya vidonge, eti sindano haigusi tumbo. Mimi nimesikia dawa hizi zinaua figo. Baba hasikii la mtu, anasema yeye hula kwanza ndipo anameza, na aliyekula hadhuriki. Nani mkweli?"

Wa aleykum salaam, dada yangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliona magoti. Mara ya pili nikaona presha isiyoshuka, miguu inayovimba, kiungulia, saumu na vile vidonge viwili vya daku, na nikashuku kwamba yote hayo yana chanzo kimoja. Kwa hivyo nianze na la leo. Mwambie baba aache diklofenaki na Brufen kuanzia leo. Dawa hizi huachwa mara moja, hazihitaji kupunguzwa kidogo kidogo. Dawa za presha asiache hata moja. Na kabla wiki haijaisha apimwe presha, na atolewe damu ya kupima figo. Sababu nitazieleza kwa urefu, maana mzee aliyejenga majahazi maisha yake yote hawezi kutulizwa na neno "acha" peke yake. Atataka kujua chombo kinavuja wapi.

Jambo la kwanza ambalo wengi hawaambiwi dukani ni kwamba diklofenaki na Brufen ni ndugu wa tumbo moja. Brufen ni jina la biashara la ibuprofeni. Aspirini, naproksini, indomethasini, piroksikamu na meloksikamu nazo ni za ukoo huo huo: dawa za kutuliza maumivu na uvimbe. Anayemeza diklofenaki akaongeza Brufen hajachanganya dawa mbili tofauti, ameongeza dozi ya dawa ile ile kwa mlango wa nyuma. Nafuu anayoipata juu ya ile ya kwanza ni ndogo, na madhara yanazidi. Panadol, yaani parasetamoli, si wa ukoo huu. Hutuliza maumivu na homa, lakini uvimbe haiuwezi, na tumbo na figo haizichezei kwa namna hii. Tatizo ni vile vidonge vya mchanganyiko vyenye majina ya kuvutia, ambavyo ndani yake mna dawa mbili au tatu. Geuza paketi usome yale maandishi madogo nyuma. Hapo ndipo penye jina la kweli la dawa.

Sasa tuingie ndani ya mwili. Mahali palipoumia, seli hutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini. Ndizo zinazolivimbisha goti, zinazolitia joto, na zinazoifanya mishipa ya fahamu iwe myepesi kusikia maumivu. Mwaka 1971 mwanasayansi Mwingereza, John Vane, alionyesha kwamba aspirini na jamaa zake huzuia utengenezaji wa prostaglandini, na kwa kazi hiyo akawa miongoni mwa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1982. Basi dawa inapofika gotini inazima kile kinachochochea maumivu. Hadi hapo baba yako yuko sahihi: dawa inafanya kazi, na nafuu anayoisikia ni ya kweli.

Lakini prostaglandini hazikuwekwa mwilini kwa ajili ya maumivu tu. Tumboni ndizo zinazohakikisha kuna ute wa kutosha kuikinga ngozi ya ndani isiunguzwe na asidi. Kwenye figo ndizo zinazoilegeza mishipa ili damu iingie. Na dawa haina macho ya kuchagua. Ikishaingia kwenye damu inazunguka kote, na inazizuia za tumbo na za figo kama inavyozizuia za goti.

Ukilielewa hilo, suala la sindano linajijibu. Kidonge kinaweza kulikera tumbo kidogo pale kinapoyeyuka, ni kweli, lakini kidonda chenyewe huja hasa kwa njia ya damu, ute unapopungua. Sindano ya diklofenaki kwenye makalio huingia kwenye damu, na damu hufika tumboni. Dawa ni ile ile, aliyebadilika ni mlango tu. Tena sindano ina shida zake: jipu mahali palipochomwa, au mshipa wa fahamu kuguswa. Jirani yenu alisema kwa nia njema, ila katika hili amekosea.

Na kula kwanza? Chakula hupunguza kichefuchefu na lile chomo la mara moja, kwa hivyo sisemi baba afunge tumbo. Lakini chakula hakirudishi ute ambao dawa imeuzuia. Mtu anaweza kula wali wa nazi na samaki kila siku kabla ya kidonge na bado akapata kidonda. Kinachopunguza hatari ni dozi ndogo, siku chache, na kwa wenye hatari kubwa daktari huongeza dawa ya kupunguza asidi kama omeprazoli. Umri nao una uzito hapa. Aliyepita miaka 65 yuko karibu na kidonda kuliko kijana, na kwa wazee kidonda kinaweza kutoa damu bila maumivu yoyote.

Hili nimeliona kwa macho yangu. Mzee mmoja alikuja kwenye duka langu la dawa kutaka dawa ya kuongeza damu. Alisema siku hizi akipanda ngazi za nyumba yake anasimama katikati kupumua, na macho yanaingia giza. Nikamuuliza kuhusu choo. Akanyamaza kwanza, kwa haya, kisha akasema kimekuwa cheusi kama lami wiki nzima, na kinanata. Alikuwa akimeza diklofenaki kwa ajili ya mgongo kwa miezi. Tumbo halikumuuma hata siku moja. Sikumuuzia kitu, nilimwita mwanawe akampeleka hospitali. Tangu siku hiyo swali la choo ninamuuliza kila mtu anayenunua dawa hizi, awe mkubwa wangu au mdogo wangu, na wewe nakuomba umwulize baba, au kaka yako amwulize kama ni jambo la haya baina yenu. Vidonge vya madini ya chuma navyo hukitia choo weusi, kwa hivyo uliza pia kama anavitumia.

Sasa figo, ambako ndiko hasa barua yako ilikonitia wasiwasi.

Fikiria kifumbu cha kukamulia tui. Nazi iliyokunwa imo ndani, maji yamo, lakini tui halitoki mpaka pawe na mkamuo. Figo ni vifumbu vingi sana vidogo, na mkamuo wake ni shinikizo la damu linalopita ndani yake. Kila kichujio kina mshipa wa kuingizia damu na mshipa wa kuitolea. Maji ya mwili yanapopungua, prostaglandini huupanua ule wa kuingilia, na homoni nyingine huubana ule wa kutokea, na hivyo mkamuo unabaki hata siku ya kiu. Ndivyo tulivyoumbwa kustahimili jua.

Angalia sasa baba yako. Losartani inaulegeza mshipa wa kutokea. Hiyo ni kazi yake, na kwa siku za kawaida ni kazi nzuri inayomlinda. Kidonge cha kukojosha kinapunguza maji mwilini, nacho ni kizuri kwa presha. Ikaja diklofenaki ikaubana mshipa wa kuingilia. Mbele ni pembamba, nyuma ni wazi, na maji yenyewe ni haba: mkamuo umetoweka. Juu ya hayo weka saumu ya Ramadhani, mtu anatia kalafati juani tangu asubuhi, bila tone la maji mpaka magharibi, na miligramu 100 za daku zikiwa damuni. Madaktari duniani wanaujua vizuri mkusanyiko huu wa dawa tatu, na wanauogopa, kwa sababu unaweza kuziangusha figo ndani ya siku chache bila dalili yoyote ya mapema zaidi ya uchovu na mkojo kupungua.

Kwa hivyo ulilosikia, kwamba dawa hizi zinaua figo, lina ukweli lakini halijakamilika. Kijana mwenye afya anayemeza ibuprofeni siku tatu kwa ajili ya jino, huku anakunywa maji, figo zake haziendi popote. Mzee mwenye presha, anayetumia dawa zile mbili na anayekosa maji, ni habari nyingine kabisa. Na nikupe la faraja: tatizo la aina hii likigunduliwa mapema na dawa ikaachwa, mara nyingi figo hurudia kazi yake. Ndiyo maana nakuhimiza kipimo wiki hii na si mwezi ujao. Kipimo chenyewe ni damu kidogo ya kuangalia kreatinini, yaani taka ambayo figo huichuja, na potasiamu, pamoja na mkojo.

Presha isiyoshuka nayo inaingia hapa hapa. Dawa hizi huifanya figo ishike chumvi na maji. Miguu huvimba, presha hupanda, na nguvu ya losartani na ya kidonge cha kukojosha hupungua. Kliniki wakaona namba iko juu wakaongeza dozi, na siwalaumu, kwa sababu sina hakika kama kuna aliyewaambia kuhusu diklofenaki. Wagonjwa wengi hawaitaji kwa kuwa hawaihesabu kuwa dawa. "Ni ya maumivu tu," husema. Sasa akiiacha, presha inaweza kushuka ndani ya wiki chache. Hapo dozi iliyoongezwa inaweza kuwa kubwa mno kwake, akaona kizunguzungu anaposimama. Ndiyo sababu nimesema apimwe, na daktari aambiwe kila kitu.

Diklofenaki hasa ina jambo la ziada, la moyo. Miongoni mwa dawa za ukoo huu ni mojawapo ya zile zinazoongeza zaidi hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi, hasa kwa dozi kubwa na kwa muda mrefu. Uingereza ilisimamisha kuuzwa kwa vidonge vyake bila cheti cha daktari mwaka 2015 kwa sababu hiyo. Kwetu huku vinanunuliwa kama peremende, na linanisikitisha kila siku ninapofungua duka.

Umetaja homa ya 2004. Watu wa Lamu hawajaisahau: chikungunya iliingia karibu kila nyumba, na utafiti uliofanywa baadaye ulikadiria kwamba takriban robo tatu ya watu wa mji waliambukizwa. Jina lenyewe ni la Kimakonde, linamtaja mtu aliyejikunja kwa maumivu. Kuna waliobaki na viungo vinavyouma kwa miezi, wengine miaka. Hata hivyo, kwa mtu wa miaka 67 aliyechuchumaa kando ya majahazi kwa miongo mingi, na ambaye magoti yalizidi miaka miwili iliyopita, mimi ningeshuku zaidi kulika kwa gegedu la goti. Hilo ni dhana, sijaliona goti lake. Kama vidole vya mikono navyo vinavimba, na asubuhi viungo vinakakamaa kwa zaidi ya nusu saa, mwambie daktari, kwa sababu hapo kuna ugonjwa mwingine wenye tiba yake.

Basi afanye nini na maumivu? Hawezi kuambiwa avumilie tu.

Cha kwanza ambacho ningekipendekeza, majibu ya figo yakiwa mazuri, ni diklofenaki ya kupaka. Najua itakushangaza baada ya yote niliyosema. Ya kupaka kwenye goti huingia kwenye damu kwa kiasi kidogo, kama asilimia 6 hivi ya kile ambacho kidonge kingeingiza, na goti liko karibu na ngozi kwa hivyo dawa hulifikia. Apake mara tatu au nne kwa siku, aipe wiki moja au mbili kabla ya kuihukumu, na asifunge kitambaa cha moto juu yake, kwa kuwa joto huisukuma dawa nyingi zaidi ndani. Kitambaa cha moto ni kizuri sana, ila kiwe na wakati wake.

Parasetamoli anaweza kuitumia siku za maumivu. Vidonge viwili vya miligramu 500, asizidishe mara tatu kwa siku kwa umri wake, na ahesabu na ile iliyomo kwenye dawa za mafua. Sitakudanganya: kwa goti lililolika nguvu yake ni ndogo. Kuna watakaomwambia tramadoli, dawa kali ya maumivu. Hiyo asiiguse bila daktari, inalevya na inazoesha. Na ule unga wa "dawa ya viungo" usio na jina wala anwani, unaotibu ndani ya siku moja, auepuke kabisa. Wa namna hiyo umekutwa sehemu nyingi ukiwa umetiwa diklofenaki au steroidi kwa siri.

Kilicho na nguvu zaidi kuliko watu wanavyodhani ni msuli wa paja. Akae barazani, anyooshe mguu mmoja mpaka uwe sawa, auzuie hewani hesabu ya tano, aushushe polepole. Mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Wiki mbili za kwanza ataona ni mchezo wa watoto. Baada ya wiki sita hadi nane msuli unaanza kubeba kile ambacho goti lilikuwa likibeba peke yake. Kazini akalie kigoda badala ya kuchuchumaa, na zile kazi za chini awaachie vijana, yeye asimamie. Bakora aishike mkono ulio kinyume na goti linalouma zaidi. Wengi huishika upande ule ule na haiwasaidii. Kama ana uzito uliozidi, kila kilo moja inayopungua huliondolea goti mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua. Haya yakishindwa, daktari anaweza kuchoma dawa ndani ya goti lenyewe, ambayo hutuliza kwa wiki kadhaa, na hiyo ni tofauti kabisa na sindano ya makalio.

Je, ipo siku atarudi kwenye vidonge vya ukoo huu? Kwa hali yake ya sasa ningesema hapana, na asipewe na mtu yeyote dukani, hata mimi. Akiwa na jambo kubwa, daktari anayejua dawa zake zote ndiye atakayeamua.

Kwa msomaji mwingine mwenye afya anayejiuliza kama aitupe paketi ya ibuprofeni aliyo nayo nyumbani, asiitupe. Miligramu 200 hadi 400 kwa mara moja, baada ya chakula, zisizidi 1200 kwa siku bila daktari, na zisizidi siku kumi kwa maumivu au tatu kwa homa. Mama mjamzito asiinunue mwenyewe, na kuanzia wiki ya 20 hatari kwa mtoto ni ya wazi zaidi. Mwenye pumu ambaye aspirini iliwahi kumbana kifua asiiguse. Anayemeza aspirini ndogo ya moyo au dawa ya kuzuia damu kuganda aulize kwanza. Na pwani hii yetu, homa ya ghafla yenye maumivu ya viungo itulizwe kwa parasetamoli mpaka ipimwe, kwa sababu ikiwa ni dengi, dawa za ukoo huu huweza kuzidisha kutoka damu.

Saumu ijayo izungumzwe na daktari miezi miwili mitatu kabla, ili nyakati za dawa za presha zipangwe upya. Sijui figo zitasomaje, kwa hivyo siwezi kumwambia afunge au asifunge.

Kuna dalili zisizosubiri miadi: choo cheusi kinachonata, kutapika damu au kitu kama masimbi ya kahawa, maumivu makali ya tumbo ya ghafla, kifua kubana, mdomo kwenda upande au mkono kulegea, pumzi kukata, mkojo kupungua sana kwa siku nzima. Kwenu Matondoni mkiona moja ya hayo msingoje kukuche. Tafuteni boti mje mjini, hospitali ya King Fahd. Walio mbali zaidi, Faza na Kizingitini, nawaomba walifikirie hilo mapema zaidi, maana safari yao ya bahari ni ndefu zaidi, na damu inayotoka tumboni haingoji.

Siku ya kumpeleka, chukua mfuko mmoja utie kila anachomeza na kila anachopaka: vya kliniki, vya dukani, vya jirani, na chupa za mitishamba kama zipo. Usichague. Uumwage mfuko wote mezani mbele ya daktari, kisha mwache baba mwenyewe aeleze kile cha daku.